Ukimwambia Mtu "Acha", Umechukua Deni

Hapa kambini neno "acha" halina bei. Mchungaji analisema Jumapili, kiongozi wa klasta analisema kwenye kikao, mke analisema usiku, na sisi wahamasishaji wa vijana tunalisema kila wiki tukiwa tumevaa fulana zenye maandishi. Acha pombe. Acha gongo. Acha bangi. Hata watoto wanalisema, wanamfuata mlevi njiani wakimwimbia. Kila mtu analitoa bure, na akishalitoa anaenda zake nyumbani moyo umetulia, kama mtu aliyetimiza wajibu.

Swali langu ni hili: ukishamwambia mtu aache, naye akakusikia, akaacha kweli, wewe unadaiwa nini?

Nauliza kwa sababu ninafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na nimeona kwamba tunajua sana kuamuru mtu aache, ila kinachotokea siku ya kwanza, ya pili na ya tatu baada ya kuacha wengi hatukijui. Mimi si daktari, nimeishia kidato cha nne. Haya ya mwili nimefundishwa na wauguzi kwenye mafunzo na nimeyasoma, mengine nimeyaona kwa macho. Haya mengine ya deni ni mawazo yangu, unaweza kuyakataa.

Tuanze na mwili. Wengi tunaiona pombe kama matope: ukitoka kwenye dimbwi, miguu inakauka yenyewe. Ndiyo maana tunasema "kusafisha mwili" au "kutoa sumu", kama vile ni jambo la kuoga. Kwa mtu aliyekunywa jana tu kwenye harusi ni kweli. Ini linafanya kazi yake, kesho kichwa kinauma, keshokutwa amesahau. Lakini kwa mtu anayekunywa kila siku kwa miaka, asubuhi na jioni, mambo ni mengine kabisa.

Pombe inaufunga ubongo breki. Ubongo nao si mjinga. Ukiona kila siku unafungwa breki, unajifunza kukanyaga mafuta zaidi ili mtu aweze kuamka, kutembea na kuongea. Baada ya muda breki na mafuta vinakwenda pamoja, na mtu anaonekana wa kawaida tu, unaweza usijue kama ameshakunywa. Siku akiacha ghafla, breki imetoka lakini mguu bado uko kwenye mafuta. Gari linashuka mlima bila wa kulizuia.

Kati ya masaa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho, mikono inaanza kutetemeka. Jasho linatoka hata usiku wa baridi, moyo unakwenda mbio, tumbo linakataa chakula, usingizi unapotea. Kwa baadhi yao, ndani ya siku 2 za kwanza inakuja degedege: mtu anaanguka, anakakamaa kama mwenye kifafa. Na kwa wachache, kati ya siku ya 2 na ya 4, akili inavurugika: anaona wadudu ukutani, anaongea na watu ambao hawapo, mwili unachemka, hajui yuko wapi. Hali hiyo ya mwisho inaweza kuua. Yaani mtu anaweza kufa kwa pombe siku ambazo hajaigusa kabisa, siku ambazo sisi wote tunampongeza.

Vijana wa pwani, kule Dar es Salaam na Mombasa, wana neno moja kwa mateso ya kukosa kilevi ambacho mwili umekizoea: arosto. Wao wanalitumia zaidi kwa heroini, lakini mimi nalipenda kwa sababu linatukumbusha kwamba kitu hiki ni ugonjwa wenye jina lake, na mtu anayetetemeka hafanyi maigizo. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Dawa ipo, na wala si ya ajabu. Anapewa diazepam, ambayo inakuwa breki ya muda, kwa kipimo cha mganga, kisha inapunguzwa kidogo kidogo kwa siku chache. Anapewa vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu mara nyingi ameishiwa nayo, na akiikosa ubongo wake unaweza kuharibika usirudi tena. Anahitaji maji, chakula, sehemu tulivu, na mtu wa kukaa naye. Kwa kawaida ndani ya wiki moja dhoruba imepita. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNHCR walitoa mwongozo wa kuhudumia afya ya akili kwenye maeneo ya dharura, na ndani yake kuna sehemu ya pombe na dawa za kulevya, pamoja na namna ya kumtibu mtu aliyeshikwa na hali hii. Kwa hiyo tusiseme hili ni jambo la hospitali za Ulaya. Liliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi.

Sasa nisimulie niliyoyaona. Kuna baba mmoja, jirani, alikuwa fundi baiskeli mzuri kabla gongo halijamzidi. Ndugu zake walichoka. Walimpenda, hilo sina shaka nalo, kwa sababu mtu usiyempenda unamwacha tu alale mtaroni. Wakakubaliana wamfungie chumbani siku tatu, afunge na kuombewa, pombe itoke yote. Siku ya kwanza alitetemeka, wakafurahi: inatoka. Usiku wa pili tukasikia kishindo. Alikuwa ameanguka, macho yamegeuka, povu mdomoni. Wengine walisema pepo ndiyo linamuaga, watu wazidishe maombi. Mdogo wake wa kike ndiye aliyepiga kelele: "Yaya anakufa, mufungue mulango!" Tukambeba kwa blanketi na miti miwili hadi zahanati. Kabla ya kuuliza jina lake, muuguzi aliuliza: "Alikunywa mara ya mwisho lini?" Tukaangaliana. Yule dada ndiye aliyejua. Kwa jibu hilo muuguzi akajua cha kufanya, na yule baba akapona. Kaka yake mkubwa alikaa nje kwenye benchi, akarudia mara nyingi: "Siye tulitaka kumsaidia."

Na ni kweli walitaka kumsaidia. Ndiyo maana kisa hiki hakiniachi. Tungekuwa na ndugu wabaya, tungewalaumu na kufunga mjadala. Lakini pale upendo ulikuwepo, imani ilikuwepo, hata ushirikiano ulikuwepo. Walijua kumtaka aache na hawakujua kwamba kuacha nako kuna hatari yake. Walikuwa na neno, hawakuwa na siku saba za kulilipia. Sijaandika haya kupinga maombi. Maombi kando ya kitanda cha zahanati yanasikika kama yanavyosikika kwenye chumba kilichofungwa kwa kufuli.

Kijiweni kwetu watu wanabishana kila siku. Mmoja anasema: mlevi alichagua mwenyewe, hakuna aliyemfungua mdomo, kwa hiyo ateseke mwenyewe. Mwingine anasema: hapana, ule ni ugonjwa, na mgonjwa halaumiwi. Nimewasikiliza wote, na naona kila mmoja ameshika nusu ya shuka.

Glasi ya kwanza mtu aliichagua, sawa. Hata ya kumi. Lakini mtazame huyu wa leo asubuhi, mikono inatetemeka hawezi kushika kikombe cha chai, moyo unapiga kama anakimbizwa, na anajua kabisa kwamba robo glasi ya gongo itamtuliza ndani ya dakika chache. Ukimwambia "chagua", unamwambia achague nini? Ni kama kumrushia mpira mtu aliyefungwa mikono, halafu ukamcheka kwamba hajaudaka. Hajapoteza akili, wala hajapoteza dhamira. Ila dhamira yake imelaliwa na mwili.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya hatua hii ya kuondoa sumu. Haimfanyi mtu awe mwema, haimpi hekima, haimrudishii mke aliyeondoka. Inamfungua mikono. Baada ya siku saba za kutibiwa, mtu anaweza kukusikia unachosema, anaweza kukujibu, anaweza kukataa. Anaweza hata kuamua kurudi kunywa, na safari hii ukamlaumu kwa haki zaidi. Kabla ya hapo, lawama zetu zote zinampiga mtu ambaye hayupo mlangoni.

Lakini ukikubali hoja hiyo, lazima ukubali na upande wake wa pili. Ikiwa lengo ni kumrudishia mtu uwezo wa kuchagua, huwezi kuanza kwa kumnyang'anya. Kumfunga kamba, kumfungia ndani, kumpeleka mahali kwa kumdanganya, ni kumfundisha kwamba mwili wake ni mali ya wengine. Akitoka hapo, kitu cha kwanza atakachotaka ni kuonyesha kwamba ni wake, na njia anayoijua ni ile ile ya chupa.

Mama mmoja aliwahi kunijibu vizuri kwenye kikao, na sitaki kumficha. Alisema: "Mwanangu, wewe unaongea kwa sababu siye wewe unayeuziwa posho. Unga anauza, mafuta anauza, hata sabuni. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sasa mimi nisimfunge, nilie mimi?" Watu walipiga makofi, na mimi nilielewa kwa nini.

Nimelifikiria jibu lake tangu siku ile. Naona mama ana haki kubwa. Ana haki ya kuficha kadi ya posho. Ana haki ya kufunga mlango usiku, ya kuita walinzi wa jamii akipigwa, ya kuwapeleka wadogo kwa shangazi yao. Ana haki ya kusema "hapa kwangu hulali ukiwa umelewa". Hayo yote ni kulinda nyumba, na mtu yeyote anayemwambia mama avumilie tu kwa sababu mwanawe ni mgonjwa, huyo hajawahi kulala njaa. Ila kulinda nyumba ni jambo moja, na kumtibu mtu kwa kamba ni jambo jingine. La kwanza linazuia mkono wake usiwafikie wengine. La pili linataka kuingia ndani yake kwa nguvu. Na hata tukisahau haki yake, kamba inaweza kumuua usiku wa pili kama nilivyosimulia. Mama anayelia kwa sababu ya posho bado ana mtoto.

Nirudi kidogo kwenye lile neno "kusafisha". Nadhani linatuponza. Tukisema mtu amesafishwa, maana yake alikuwa uchafu. Na uchafu ukirudi, hasira inakuwa mara mbili: tulikusafisha, kwa nini umejichafua tena? Lugha hii inafanya mtu anayeteleza afiche. Na mficha maradhi kilio humfichua.

Pwani ya Tanzania imetufundisha jambo hapa. Mimi kambini sijakutana na heroini, kazi yangu ni gongo na bangi. Lakini Dar es Salaam wamehangaika nayo miaka mingi, na Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianzisha kliniki ya methadoni. Methadoni ni dawa ambayo mtu anakunywa kila siku mbele ya mhudumu, inazuia arosto bila kumlevya kama unga. Anaweza kuendelea nayo miezi, hata miaka. Kwa nini wasimsafishe tu, siku kumi, basi? Kwa sababu kwa heroini arosto yenyewe mara chache inaua. Hatari kubwa inakuja baadaye. Mwili uliokaa bila unga unasahau kuuhimili. Mtu akitoka amesafishika, akateleza siku moja, akapiga kiasi kile kile alichozoea zamani, kinamuua. Usafi wenyewe umemweka karibu zaidi na kaburi.

Fikiria basi mtu wa Dar anayekunywa methadoni kila asubuhi, kisha anaenda kazini, jioni anawanunulia watoto mkate. Mwili wake hauna "usafi" ule tunaouhubiri. Je, hajapona? Mimi nasema anapona. Na tukikubali hilo, tunakubali kwamba kutoa sumu ni njia mojawapo ya kuingilia, na haitufai kama kipimo cha utu wa mtu. Kwa mnywaji wa gongo wa kila siku, hatua hiyo ina maana kubwa na inapaswa kufanywa kwa uangalizi. Kwa mtu wa heroini, peke yake inaweza kuwa mtego. Anayejua tofauti hiyo anaacha kuuliza "umeshasafishika?" na anaanza kuuliza "unaendeleaje?"

Sasa, siku ya nane. Mikono imetulia, mtu amepewa ruhusa, anarudi nyumbani. Anarudia nini?

Kuna kisa cha mbali kinachonisaidia kufikiri hapa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya Marekani ilishtuka kwamba askari wake wengi kule wanatumia heroini. Ikaamuru wapimwe mkojo kabla ya kupanda ndege ya kurudi, na aliyekutwa nayo abaki kwanza mpaka mwili wake utulie. Mtafiti mmoja, Lee Robins, akawafuatilia baada ya kufika kwao. Watu walitegemea balaa. Lakini kati ya wale waliokuwa wamenaswa kule Vietnam, takriban 5 tu kati ya 100 walinaswa tena katika mwaka wa kwanza nyumbani. Sababu ni nyingi na watu wameshabishana, lakini moja iko wazi: waliporudi, waliacha nyuma vita, woga, muuzaji, na yale maisha ya kusubiri kufa. Walitoka mahali.

Sisi tunatoka kwenda wapi? Anayeruhusiwa kutoka wodini hapa anarudi klasta ile ile, nyumba ile ile, na jirani yule yule anayepika. Hawezi kuhama mji aanze upya, maana kutoka kambini kunahitaji kibali. Shamba hana. Kazi hana. Wengine wana miaka zaidi ya ishirini wakisubiri, kambi hii ilifunguliwa 1996, na kuna vijana wamezaliwa humu, wamesoma humu, na sasa ni wababa humu humu. Gongo lilikuwa linafanya kazi fulani kwenye maisha ya huyu mtu: lilikuwa linaifupisha siku. Tumeliondoa, na siku imebaki na masaa yake 24, marefu, na hana cha kuyafanyia.

Sisemi kwamba kambi ndiyo inayokunywa. Wengi wetu tuko humu humu na hatunywi. Nasema kwamba kuondoa sumu kwenye mwili bila kugusa siku ya huyu mtu ni kufagia nyumba huku upepo unaingiza majani. Yule baba fundi baiskeli, kilichomsaidia wiki ya pili na ya tatu hakikuwa mafunzo wala fulana. Mzee mmoja wa klasta alimpelekea baiskeli yake mbovu kila asubuhi. Kila asubuhi, na sidhani kama iliharibika mara zote hizo. Baadaye aliteleza, mara mbili. Mzee akaendelea kuleta baiskeli.

Na kuna mtu mwingine tunamsahau kwenye neno "acha": mama anayepika. Wengine tunaita gongo, wazee wetu wa Kongo wanaita lutuku, ndugu zetu wa Burundi wanaita kanyanga. Ni moto ule ule. Sheria ya nchi hii inaikataza, na anajua. Lakini muulize anapika kwa nini. Atakutajia daftari, sare, sabuni, kuni, dawa ambayo haikupatikana. Tukimwambia mlevi aache, tumemwambia na huyu mama aache, maana wateja ndio mtaji wake. Yeye tunamlipa nini? Kama jibu ni kumwaga mapipa yake tu, kesho atapika usiku zaidi na haraka zaidi, na gongo la haraka ni baya zaidi. Deni letu lina mlango wa pili, na mlango huo uko jikoni kwake.

Ndugu zetu wa mashirika, najua nanyi mnasoma jarida hili, kwa hiyo niseme na ninyi kwa heshima. Fomu zetu zinauliza watu wangapi wamefikiwa na ujumbe. Jirani yangu yule alikuwa amefikiwa mara tatu kabla ya usiku ule. Alikuwa na fulana. Ujumbe aliupata, na siku alipoutii akakaribia kufa. Kwa hiyo naomba kila kampeni ya "acha pombe" ianze kwa maswali haya: je, zahanati ya karibu ina diazepam na vitamini B1 mwezi huu? Je, yupo aliyefundishwa kuvitumia? Je, wahudumu wa afya ya jamii wanajua dalili za hatari? Kama hapana, fulana zisubiri. Kumhamasisha mtu aruke kabla hujatandika chini ni jambo baya, hata kama nia ni nzuri.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa: deni hili halilipiki. Walevi ni wengi, wauguzi ni wachache, posho inapungua, kila mtu ana yake. Kama kumwambia mtu aache ni kuchukua deni kubwa hivyo, basi afadhali tunyamaze.

Hapana, tusinyamaze. Ila tugawane. Deni la mtu mmoja likibebwa na watu kumi linabebeka: mmoja anajua njia ya zahanati, mmoja analala pale usiku wa pili, mmoja anapika uji, mmoja analeta baiskeli mbovu, mmoja anakaa na watoto. Hivyo ndivyo tunavyozika watu humu, na hakuna anayesema mazishi ni deni lisilolipika. Tunajua kukesha na maiti siku tatu. Tunashindwaje kukesha na aliye hai?

Na yule ambaye kweli hana cha kutoa, hana usiku, hana uji, basi apunguze ukubwa wa neno lake. Badala ya "acha" aseme "twende tukaonane na muuguzi". Badala ya "acha leo hii" amwambie mnywaji wa kila siku ukweli: usiache ghafla ukiwa peke yako, ni hatari. Neno hilo ni dogo, halipigiwi makofi kwenye kikao, lakini mtu mwenye mfuko mtupu anaweza kulilipa.

Kuhusu anayeteleza, niseme kidogo tu. Wengi wanateleza. Mtu akirudia pombe hajaturudishia deni letu likiwa limelipwa, bado tunadaiwa. Ila safari hii tunamjua zaidi: tunajua usiku gani ni mgumu kwake, tunajua nani anamsikiliza. Wiki ile ya kwanza haikupotea. Ilimwonyesha, na ikatuonyesha na sisi, kwamba chini ya ile harufu kuna mtu anayeweza kukaa na kuongea.

Kwa hiyo kijana akikujia leo, au baba, au mama, maana na wamama wapo, akakwambia kwa sauti ya chini kwamba amechoka na anataka kuacha, usimpongeze kwanza, na wala usimhubirie. Muulize alikunywa mara ya mwisho lini. Muulize kama amewahi kuanguka au kuona vitu alipojaribu kuacha. Kisha ujiulize wewe mwenyewe una nafasi usiku wa kesho na wa keshokutwa. Kama unayo, mwambie "acha, tuko pamoja". Kama huna, mshike mkono umpeleke kwa aliye nayo, kabla giza halijaingia.